Aliyeazima Jina Langu

Waliokuja kunirudisha kwa mume wangu walikosea tangu mlangoni: walileta mitungi ya urwagwa, pombe ya ndizi, kwenye nyumba ya Mwislamu.

Nilikuwa nimejificha chumba cha nyuma, katikati ya vitambaa na cherehani mbovu, nachungulia kwenye upenyo wa pazia. Niliwaona wamesimama barazani, wamekumbatia ile mitungi kama watu waliopewa watoto wa wenyewe kubeba, hawajui waiweke wapi.

"Karibuni, ingieni," alisema Mzee Assumani, mume wa shangazi yangu, fundi ambaye nusu ya wanaume wa Nyakabanda wanavaa suruali alizoshona yeye. "Nyinyi ingieni. Hiyo pombe ibaki nje."

"Ibaki nje?" Mzee Twizeyimana, baba mdogo wa mume wangu na msemaji wao, alishtuka. "Mzee, hii ni bia ya heshima. Tumeitoa Masaka kabisa!"

"Heshima naiona. Na harufu naisikia. Iwekeni hapo chini ya dirisha, hakuna atakayeigusa. Majirani zangu wote wanaswali."

"Si wote," alisema shangazi yangu Mukandayisenga, akapita na vikombe vya chai huku midomo yake inacheza. "Lakini ingieni kwanza."

Waliingia. Na mimi, nyuma ya pazia, nilikuwa na kitu mdomoni. Si chakula. Kilikuwa kisasi, na nilikuwa nakimung'unya polepole kama pipi ili kisiishe mapema.

Kwetu mwanamke akidhalilishwa kwa mumewe hurudi kwao. Mume akimtaka tena, huja na watu wake na pombe yake, wakaomba radhi. Watu wa mke husikiliza, kisha hutaja icyiru, malipo ya kosa. Icyiru hakijalipwa, mke haondoki. Wengine hudai mbuzi, wengine vitenge. Mimi changu nilikuwa nimeshakichagua, na hakikuwa na manyoya wala rangi.

Nilimwona mume wangu Viateur akiketi. Alikuwa amekonda. Kola ya shati lake ilikuwa imepigwa pasi upande mmoja tu, na moyo wangu, mpumbavu yule, ukataka kwenda kuichukua pasi. Nikaukemea. Alikuwa anatazama pazia. Alijua niko hapo; mtu akikupenda anajua hata pazia gani umesimama nyuma yake. Ndiyo maana nilimkasirikia zaidi.

Kando yake alikaa dada yake Béatha, kilemba kimeshuka hadi kwenye mashavu, na skafu shingoni siku ya jua kali vile. Na kando ya Béatha, mama yao.

Jina lake sitalitaja bado. Mila yetu inamkataza mke kutamka majina ya wakwe zake. Ni heshima aliyonifundisha mama yangu kabla sijajua hata kufunga kitenge. Miaka yote ya ndoa yangu jina la mama mkwe halikuwahi kupita kwenye midomo yangu. Yeye la kwangu alilifanyia atakavyo.

*

Yalianzia kwenye sherehe ya kumpa jina mtoto wa shemeji yangu, kule Masaka. Watu walikuwa wamejaa uani, sahani magotini, watoto wanacheka. Mama mkwe alitoka chumbani kwetu akiwa ameshika kisahani kama anapitisha kiti moto. Juu yake kulikuwa na wembe.

"Wageni wangu, nisaidieni," alisema. "Viateur ana wembe wake, naujua. Huu nimeukuta kwenye sabuni ya bibi harusi wetu. Unanyoa nini?"

Watu wakaanza kunitazama kidevu.

"Msione haya, mtazameni vizuri. Nilimwozesha mwanangu mke, kumbe nimemletea mwanaume mwenzake! Na miezi yake haioni, nawaambia. Huyu ni impa."

Impa. Neno la zamani hilo, la mwanamke asiyepata siku zake. Bibi zetu walimwogopa mwanamke wa namna hiyo, wakisema anafunga mvua. Nilisikia mzee mmoja akivuta kiti chake kunikimbia. Béatha alicheka mpaka akajiziba mdomo.

Nilimtazama Viateur. Nilitaka aseme neno moja tu, hata "mama". Alitazama sahani yake.

Asubuhi nilifunga nguo zangu nikaja Nyakabanda.

Hapo nilikuwa nimeshazunguka kwa madaktari hadi nimechoka, kwa siri, nikidanganya kwamba naenda sokoni. Wa ngozi alinipa dawa ya kupaka kwa ajili ya chunusi. Wa wanawake alinipa vidonge vya kuleta siku. Zikija mara moja, zinapotea tena. Mwingine aliniambia nipunguze kula, kama vile nilikuwa nakula nyumba. Weusi wa shingoni nilikuwa nausugua kwa jiwe la kusugulia miguu, maana mama mkwe aliniambia sijui kuoga. Kila mmoja alikuwa na kipande changu, na hakuna aliyewahi kuviweka vipande hivyo pamoja.

Mpaka siku Daktari Uwamahoro, mama wa ngozi kwenye hospitali moja ya mjini, aliponishika kidevu na kunigeuzia dirishani.

"Dawa ya kupaka hii nimekupa mara ngapi?"

"Nyingi, Daktari."

"Na shingo hii, nani kakuambia ni uchafu?"

Alipitisha vidole vyake kwenye ule weusi, taratibu, na nilishangaa kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewahi kunigusa pale bila kukunja uso, isipokuwa mmoja, ambaye wakati huo sikutaka kumkumbuka.

"Nifuate," alisema. Akanishika mkono kama mtoto, tukapita ukumbi mzima, akafungua mlango wa Daktari Mugenzi wa wanawake bila kubisha. "Mugenzi, wako huyu ni wangu pia. Mwite na Sista."

Ndivyo nilivyoingia kwenye Alhamisi zao. Siku hiyo watu watatu waliketi meza moja kwa ajili ya mgonjwa mmoja: Daktari Mugenzi, Daktari Uwamahoro, na Sista Godelieva, mtawa wa Kibelgiji anayeshughulika na sukari na chakula, mwenye Kiswahili cha Bukavu.

"Unakulaka nini asubuyi, mama?"

"Chai na mandazi, Sista."

"Sukari ngapi?"

"Ya... ya kutosha."

"Ya kutosha nani? Wewe ao nyuki?" Tukacheka wote, na mimi nikalia katikati ya kicheko.

Daktari Mugenzi alinilaza, akapitisha mashine tumboni. Kwenye kioo, ovari yangu ilikuwa na vitone vidogo vyeusi vimejipanga pembeni. "Kama shanga kwenye uzi, unaona? Haya ni mayai yaliyoanza safari yakakwama njiani. Homoni zako hazisikilizani. Ndiyo maana siku zinapotea. Ndevu zinatoka hapo hapo, na chunusi, na unene usioshuka, na huo weusi wa shingo. Ni ugonjwa mmoja."

"Mmoja?"

"Mmoja. Sisi ndio tuliokuwa wengi."

"Si laana?"

"Laana haionekani kwenye mashine."

"Nitazaa?"

Alimtazama Daktari Uwamahoro, naye akamtazama Sista. "Sikuahidi mtoto, Umutoni," alisema. "Nakuahidi kazi. Chakula cha Sista, kutembea kwa miguu, vidonge vya kurudisha siku, na baadaye kidonge cha kusukuma yai. Wengi wenye shida hii wanazaa. Kwanza damu yako iende Ubelgiji ipimwe."

Nilirudi kwa shangazi kwa miguu nikiimba.

Siku majibu ya damu yaliporudi, niliketi benchi la nyuma kabisa, kitenge kichwani. Nesi alitokeza mlangoni akaita: "Umutoni wa Viateur!"

Nilikuwa nimeshajiinua nusu. Mbele yangu wanawake wawili wakasimama kabla yangu. Mmoja alikuwa mtu mzima, amemshika mwenzake mkono. Mwenzake alikuwa na skafu hadi mdomoni, na skafu ilipoteleza niliona chunusi kwenye taya na kivuli cha nywele kidevuni ninachokijua kama ninavyojua kidevu changu.

Béatha. Na mama mkwe.

Nikaketi tena kwenye benchi. Nikainamisha kichwa. Walipita mbele yangu wakaingia kwa jina langu.

Nilielewa palepale. Mwezi ule Béatha alikuwa anachumbiwa. Watu wa mwanaume walikuwa wanakuja kumposa. Jina la Béatha lilipaswa kubaki safi. Na jina safi unalilinda namna gani? Unatafuta lililokwisha kuchafuka, unalivaa juu yake, kama mtu avaavyo koti kuukuu akienda kuchota tope. La kwangu lilikuwepo, bure, na aliyelichafua ni mama mkwe mwenyewe.

Walipotoka kwa mlango mwingine niliingia. Nesi alinitazama. "Wewe si umeshaingia?"

"Bado."

Madaktari wawili na Sista walikuwa mezani, karatasi mbili mbele yao. Daktari Uwamahoro alisema, "Umutoni, tuna tatizo. Damu zimerudi mbili, jina moja. Mmoja sukari yake iko juu, mwingine homoni zake ndizo zilizopanda sana. Hatujui ipi ni ya nani, na dawa si zile zile. Mpaka kila mtu aseme jina lake, hatuwezi kumpa mtu hata kidonge."

"Unamjua huyo mwenzako?" aliuliza Daktari Mugenzi.

Ningeweza kusema. Neno moja tu, na dawa yangu ingeanza siku hiyo. Lakini nilikumbuka kisahani, na wembe juu yake.

"Nitamleta mwenyewe," nilisema. "Aseme kwa mdomo wake."

*

"Umutoni!" shangazi aliita. "Njoo usalimie wageni."

Nilitoka nyuma ya pazia. Nilikuwa nimevaa gauni aliloniwekea Mzee Assumani, la kijani, kiuno kimebanwa kwa makusudi. Viateur alisimama. Chai ikamwagika kwenye suruali yake wala hakuona.

Kwetu watu wakisalimiana kwa kukumbatiana hawana haraka. Mikono inashika mabega, shavu linakaa kwenye shavu, mnanong'onezana heri: uwe na mume, uwe na watoto, uwe na ng'ombe. Nilimkumbatia Mzee Twizeyimana. Nilimkumbatia Béatha, naye akageuza uso ili shavu lake lisiguse langu. Viateur nilimpa mkono tu. Alikishika kiganja changu kama mtu aliyeshika kitu anachoogopa kukidai.

Mama mkwe nilimwacha awe wa mwisho.

"Uwe na watoto, mwanangu," alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. Heri hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake, akaubonyeza.

Niliweka mdomo kwenye sikio lake.

"Na wewe pia, Nyirarukundo."

Mwili wake ulikakamaa mikononi mwangu. Nilimkaza zaidi, nikampapasa mgongo. Shangazi aliguna kwa furaha, akidhani anaona mapatano.

"Benchi la Alhamisi," nilinong'ona. "Nilikuwa nyuma yenu. Sasa sikiliza. Leo utaeleza ugonjwa wangu mbele ya watu hawa, vizuri, kama ulivyoelezwa wewe. Ukiruka neno, nitalijaza mimi, na nitalijaza kwa jina la aliye nalo."

Nilimwachia. Aliketi kama mtu aliyekatwa kamba.

Mzee Twizeyimana alisimama, akakohoa, akaanza maneno yake mazuri: kwamba nyumba bila mke ni ukuta tu, kwamba kijana wao hapati usingizi, kwamba kama kuna aliyekosea ni ulimi. "Tunaomba radhi. Semeni icyiru chenu. Mbuzi tunao."

"Mbuzi sina pa kumfunga," alisema Mzee Assumani. "Atakula vitambaa vya wateja. Umutoni, sema mwenyewe."

"Sitaki mbuzi," nilisema. "Siku ile Masaka, mama aliwaeleza watu mimi ni nani. Leo nataka awaeleze tena. Awaeleze naumwa nini."

"Yeye atajuaje unaumwa nini?" Mzee Twizeyimana alishangaa. "Mama huyu si daktari."

"Anajua," nilisema. "Si ndiyo, mama?"

Nilimtazama usoni, nikatabasamu. Vidole vya Béatha vilikuwa vimeshika skafu.

"Ni ugonjwa," alianza mama mkwe.

"Sauti, mama," alisema shangazi. "Cherehani za jirani zina kelele."

"Ni ugonjwa wa ovari!" Sauti ilimtoka kwa nguvu, kisha ikashuka. "Ndani mna mayai. Yapo. Yanaanza safari, yanakwama. Ukipigwa ile picha unayaona yamejipanga, madogo madogo, kama... kama shanga kwenye uzi." Mkono wake ulianza kuonyesha hewani, kidole kikifuata duara, na nilijua ameuona uzi huo kwa macho yake. "Homoni hazisikilizani. Basi siku zinapotea. Si kwamba mtu amefungwa. Madaktari wanakaa watatu. Mmoja anatazama tumbo, mmoja ngozi, mtawa anatazama sukari. Zamani kila mmoja alitibu lake, ndiyo maana watoto wetu hawaponi."

Watoto wetu. Alisikia alichosema, akanyamaza.

"Na ndevu?" niliuliza.

"Ndevu zinaletwa na hizo hizo homoni. Si uanaume."

"Na weusi wa shingo?"

"Si uchafu. Ukisugua unaumiza bure."

"Na wembe?"

Alifumba macho. "Wembe ni wembe. Mtu ananyoa, maisha yanaendelea."

"Na lile neno uliloniita?"

Mzee Twizeyimana aliweka kikombe chini. Machozi yalimtoka mama mkwe, na hayakuwa kwa ajili yangu yale machozi. Alikuwa anamtazama Béatha. "Si impa," alisema. "Mtoto huyu si impa. Si laana. Niliyemwita hivyo, nilimkosea."

Niliumung'unya ushindi wangu. Ulikuwa mtamu, sisemi uongo. Ulikuwa mtamu kuliko nilivyofikiri, na bado nilikuwa na njaa.

Ndipo Viateur aliposema, polepole, "Mama, haya yote umeyajulia wapi?"

Alisogeza kiti chake mbele.

"Picha umeiona wapi? Hao madaktari watatu, wewe ulikaa nao kwa ajili ya nani?"

Béatha aliinamia kikombe chake. Mama mkwe alinitazama. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kunitazama hivyo, kama mtu aliyesimama mlangoni kwangu mvua inanyesha. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Posa ilikuwa wiki inayofuata. Ningelisema, posa ile ingevunjika kabla kikombe changu cha chai hakijapoa. Nilimkumbuka Béatha alivyocheka. Nikaona pia kidevu chake chini ya skafu, na mkwaruzo mwekundu kwenye taya. Alikuwa ananyoa bila sabuni, mtoto wa watu. Hana hata wa kumwambia alainishe ngozi kwanza.

"Kwa ajili yangu," nilisema. "Muulizeni nesi wa pale ni jina la nani lililoitwa. Mama alikwenda kwa jina langu."

Na ulikuwa ukweli mtupu.

Mzee Twizeyimana aliinua mikono. "Yewe! Mnasikia? Mama mkwe anakwenda kwa madaktari kwa ajili ya mkazamwana! Nani amewahi kuona?"

"Mwanamke wa moyo huyo," alisema Mzee Assumani.

"Mama kama huyu anapatikana wapi?" shangazi alisema, akimtazama kwa macho ambayo yalikuwa yanaanza kuelewa kitu.

Kila sifa ilimwangukia mama mkwe kama kofi, na kila kofi alipaswa kulishukuru. "Asanteni," alisema. "Asanteni sana." Niliinywa chai yangu taratibu. Kumwaibisha kungechukua dakika. Hili angelibeba mpaka uzeeni, kwamba binti yake ameposwa kwa hisani ya yule mwenye wembe.

"Na Alhamisi ijayo atakuja tena," niliongeza. "Kuna jambo la jina la kurekebisha, ili dawa zianze. Utakuja, mama?"

"Nitakuja," alisema.

"Mbele ya watu wote hawa umesema?"

"Mbele yao wote."

*

Viateur alinifuata chumba cha nyuma. Wazee walimwachia njia. Nje nilisikia shangazi akiulizia mtungi ule mdogo una ladha gani.

"Vitu vyako viko wapi?" aliuliza. "Nitabeba mimi."

"Nani kasema naondoka?"

"Mama ameomba radhi."

"Mama ameomba. Wewe ulikuwa unakula."

Aliketi juu ya gunia la vitambaa, mikono katikati ya magoti. Ni mkono wa mwoka mikate, mkubwa, una makovu ya tanuri. Niliupenda mkono ule kabla sijampenda yeye.

"Niliujua ule wembe," alisema.

"Nini?"

"Tangu miezi ya kwanza. Umutoni, wewe umewahi kununua wembe mpya?"

Nilifungua mdomo. Sikuwahi. Nilikuwa nanyoa kwa wembe mmoja, na siku zote ulikata vizuri, na mimi katika hofu yangu sikujiuliza kwa nini hauwi butu.

"Nilikuwa nabadilisha," alisema. "Nikirudi kazini, naweka mwingine palepale kwenye sabuni. Niliogopa usijikate."

Machozi yalinijia kwa hasira. Ningalifurahi kama angalikuwa hajui. Asiyejua nilikuwa tayari kumsamehe.

"Kwa hiyo ulijua! Ulijua, ukajali, ukaninunulia, halafu walipouweka kwenye sahani ukatazama nyama?"

"Niliogopa."

"Nani? Mama yako?"

"Watu. Nilifikiri nikisema 'huo wembe nimenunua mimi' watacheka zaidi."

"Wangecheka, ndiyo. Wangetucheka wawili. Mimi nilichekwa peke yangu, Viateur. Unajua ni baridi kiasi gani, kuchekwa peke yako mbele ya mumeo?"

Alisimama. Alinyanyua mkono, akapitisha kidole gumba kidevuni kwangu, mahali pale pale, taratibu, bila kukunja uso. Yule mmoja niliyekataa kumkumbuka kwa Daktari Uwamahoro. Nilihisi miguu yangu inataka kumwendea bila ruhusa.

"Rudi nyumbani," alisema. "Tafadhali, mpenzi."

Nilimtoa mkono. Nilichelewa kidogo kuutoa, Mungu anajua.

"Alhamisi kuna benchi pale hospitali," nilisema. "Linakaa wanawake watupu. Wanajua kumtazama mwanaume akitokea, wanamchambua mpaka soksi. Njoo ukae nami. Nesi akiniita kwa jina lako, usimame. Tukimaliza hapo ndipo utaniuliza kuhusu nguo zangu."

"Watanicheka?"

"Sana."

Alivuta pumzi. "Nitakuja asubuhi."

*

Alikuja kabla yangu. Nilimkuta katikati ya wanawake, ameshika kofia, masikio yamemwiva, na mama mmoja mnene akimuuliza ana mimba ya miezi mingapi. Aliponiona alinyanyuka haraka kama mwanafunzi, tukaketi pamoja.

Mama mkwe na Béatha waliingia nyuma yangu. Viateur alimtazama dada yake, akatazama skafu, akatazama mlango wa madaktari. Niliona jambo zima likimfikia usoni, kidogo kidogo. Alimgeukia mama yake. Mama yake aliinamisha macho, na safari hii mwanawe hakutazama sahani yoyote. Aliendelea kumtazama yeye.

Nesi alitokeza. "Umutoni wa Viateur!"

Nilisimama. Viateur alisimama. Benchi zima likapiga vigelegele vya utani.

"Huyu ndiye," nilimwambia nesi. "Hakuna mwingine."

"Basi yule wa pili ni nani?" nesi aliuliza, akitazama huku na huku. "Daktari anasema haanzi na yeyote mpaka nijue."

Hilo halikuwa langu kulisema.

Mama mkwe alivua kitenge kichwani, akakikunja vizuri sana, kana kwamba kukunja ndiyo kazi iliyomleta. Kisha alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa ukumbi:

"Ni Béatha. Binti yangu. Béatha wa Nyirarukundo."

Béatha alianza kulia. Skafu ilianguka, hakuiokota.

"Nyinyi wawili mtaingia baada ya hawa," nesi alisema, akiandika. "Ketini msubiri."

Benchi lilikuwa limejaa. Yule mama mnene alishajisogeza mahali pa Viateur; lilibaki pengo dogo tu pale nilipokuwa nimeketi mimi, na mkoba wangu ulikuwa juu yake. Mama mkwe aliutazama ule mkoba, kisha akanitazama mimi. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari ya Masaka.

Nilichukua mkoba. Nilimshika Béatha bega, nikamkalisha, nikampa kitambaa changu, nikamwambia sikioni, "Lainisha ngozi kwanza kwa maji ya moto na sabuni, wifi. Nitakuonyesha."

Kisha nikashika mkono wa mume wangu tukaingia ndani. Nafasi niliyoiacha ilikuwa ya mtu mmoja tu.